Mzee asiye na makazi analala barazani kwetu Pasua: nitamsaidiaje bila kuwaweka watoto wangu hatarini?

Mama wa Pasua

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za leo.

Ninaishi Pasua, Moshi mjini, pamoja na binti zangu wawili wenye umri wa miaka 13 na 9, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Mume wangu anafanya kazi Mererani na hurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya mwezi nyumba yetu ni ya wanawake watupu, na mtaa mzima unalijua hilo. Upande wa barabarani tuna fremu ya duka yenye kibaraza kilichoezekwa, na tangu masika yalipoanza kuna mzee ambaye huja kulala pale duka likishafungwa. Alfajiri huamka kabla ya watu kuanza kupita, hukunja maboksi yake, hufagia kibaraza bila kuombwa, kisha huenda zake upande wa stendi. Nimekuwa nikimpa chakula cha jioni, na sikuwahi kumwona amelewa wala kumsikia akitukana mtu.

Sasa mvua zimezidi na zinampiga palepale alipo. Ameniomba, kwa adabu kabisa, alale kwenye stoo yetu iliyo ndani ya uzio hadi masika yaishe. Majirani wawili wamenijia kuniambia kwamba nikimzoesha huyu mmoja nitaleta wengine, na kwamba kukitokea wizi mtaani nitaulizwa mimi. Mume wangu kwa simu amesema hapana, bila maelezo mengi. Binti yangu mkubwa analia kila mvua ikinyesha usiku, anasema tunamwacha babu wa watu anyeshewe huku sisi tuna chumba cha kuwekea mahindi.

Imani yangu inanitaka nimpokee mgeni, nami sitaki kuifanya iwe maneno ya Jumapili tu. Lakini watoto hawa pia nimekabidhiwa, na siwezi kufanya majaribio na usalama wao. Ninachoomba ni ushauri kutoka kwa waliopitia jambo hili au wanaolifahamu kikazi: je, kuna njia ya kumsaidia kweli mtu huyu iliyo katikati ya kumfukuza na kumfungulia stoo?

Mkazi wa Bondeni

Dada yangu, usimlaze ndani ya uzio. Nalisema hili nikijua litasikika kama ukatili. Mtu ambaye hujui jina lake kamili, hujui alikotoka, hujui kwa nini ndugu zake hawapo naye, hawezi kulala hatua chache kutoka kwenye dirisha la binti zako wakati baba yao hayupo. Akiingia mara moja, kumtoa kutakuwa vigumu zaidi kuliko kumkatalia sasa, maana hata wewe mwenyewe utaona haya kumtoa. Chakula endelea kumpa. Kwa mengine nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na ikibidi polisi, kwa kuwa sheria ya uzururaji ipo na imewekwa kwa sababu.

Mstaafu wa Ustawi wa Jamii

Mama wa Pasua, nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika halmashauri za ukanda huu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo naomba uvumilie jibu refu.

Nakubaliana na ndugu wa Bondeni kuhusu stoo, na sababu zangu ziko chini. Kuhusu polisi na uzururaji, sikubaliani naye. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina vifungu vya 176 na 177 vinavyogusa wazururaji na ombaomba, lakini mzee aliyekamatwa chini ya vifungu hivyo hukaa mahabusu, hutoka, na kurudi kwenye kibaraza kingine akiwa amedhoofika zaidi na akiwa hamwamini tena mtu yeyote mwenye karatasi mkononi. Nimeona hilo likitokea kwa watu ambao ndugu zao walikuwa umbali wa nauli moja tu ya basi, na hakuna aliyekuwa amewauliza.

Kuuliza ndiyo hatua ya kwanza, na wewe uko mahali pazuri kuliko afisa yeyote kwa sababu umekwisha kumlisha. Muulize mchana, mahali penye watu, jina lake la ubatizo au la Kiislamu, jina la baba yake na la ukoo, kijiji alichozaliwa, na mara ya mwisho alipolala kwenye nyumba yenye mlango. Swali hilo la mwisho hufungua mengi. Mtu aliyekosa kodi miezi michache iliyopita si sawa na aliyelala nje kwa miaka, na wote wawili ni tofauti na mgonjwa wa akili aliyepotea njia ya kwao. Huyu wa tatu anahitaji hospitali, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumfikisha huko, kwa hiyo usidhani kwamba maneno yasiyoeleweka ni ulevi tu.

Watu wa mjini hupenda kusema kwamba hakuna Mchaga asiye na kwao. Wanaosema hivyo hawajakaa kwenye vikao vya ukoo. Kwa desturi, kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na nyumba, huenda zaidi kwa mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho, na wa katikati walitarajiwa kujitafutia. Ardhi ilipokuwapo walitafutiwa kipande kingine, mlimani au tambarare. Siku hizi vihamba vimegawanywa hadi mtu anabaki na migomba ya kuhesabu, na mtoto wa katikati aliyeshuka mjini akiwa kijana, akafanya vibarua hadi mgongo ukachoka, hurudi akakuta hata jiko la mama yake limejengewa nyumba ya mpwa. Hajafukuzwa na mtu, ila hapana mahali pa kuweka kitanda, na aibu ya kulala kwa mtoto wa kaka yake inamshinda, basi anarudi stendi. Wajane nao wana njia yao ya kufika barabarani, na ni ndefu kuliko hii. Nayasema haya ili usimtazame mzee huyo kama mtu ambaye lazima kuna ubaya alioufanya ndiyo maana yuko nje. Inawezekana upo. Inawezekana pia aliwapisha tu wengine.

Ukishapata jina na kijiji, peleka taarifa kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa wako, kisha omba ifike kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa manispaa. Omba kwa maandishi, na ubaki na nakala. Afisa anaweza kumwandikia mwenzake wa wilaya ya asili, ambaye humtafuta mwenyekiti wa kijiji, naye humpata mwenye ukoo kwa urahisi ambao watu wa mjini hawaudhanii. Ndugu wakipatikana, mtu asirudishwe kwa kupakiwa tu kwenye gari. Waitwe, waongee naye, ijulikane atalala chumba gani na nani atampa chakula, vinginevyo atarudi Moshi kabla ya mwezi kwisha.

Kama ana miaka 60 au zaidi, huyo ni mzee kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na mzee asiyejiweza anastahili msamaha wa gharama za matibabu katika vituo vya serikali akishatambuliwa na serikali ya mtaa. Kama hana kabisa ndugu wa kumpokea, serikali ina makazi ya wazee, likiwemo la Njoro hapa hapa Kilimanjaro, na njia ya kufika huko hupitia kwa afisa ustawi baada ya uchunguzi. Nafasi hazipatikani kwa siku moja, ndiyo maana inafaa kuanza sasa na kutosubiri awe hajiwezi.

Kuhusu stoo. Chumba kilichofungwa kina hatari mbili ambazo watu huzisahau wanapofikiria wizi pekee. Mzee anayelala nje mvua zote hizi anaweza kuwa na kifua, na kifua kikuu huenea kwa hewa, zaidi sana mahali pasipo madirisha. Kibaraza chenye upepo ni salama zaidi kwake na kwenu kuliko stoo. Je, anakohoa? Kikohozi kikizidi wiki 2 apimwe, na vipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure. Hatari ya pili ni mkaa. Mtu aliyelowa akiingia kwenye chumba kidogo hutamani kuwasha jiko na kufunga mlango, na moshi ule usioonekana huua watu usingizini bila kelele yoyote.

Utujibu haya kwanza: jina, kijiji, umri, kikohozi, na kama amewahi kufanya kazi mahali panapojulikana.

Mama wa Pasua

Nashukuru sana, shikamoo mzee wangu. Nimeongea naye jana mchana mbele ya duka, mama anayeuza ndizi akiwa karibu. Amenitajia jina na ukoo, ambavyo sitaviandika hapa kwa heshima yake. Anasema amezaliwa Rombo, upande wa Tarakea, na ana miaka 67. Amekata miwa kusini mwa mji kwa misimu mingi, kisha akawa anabeba mizigo sokoni Mbuyuni, akipanga chumba Majengo. Mabega yalipomshinda, kodi nayo ikamshinda, na mwenye nyumba akabadilisha kufuli. Ana dada mmoja, na mzee anaamini kwamba dada huyo bado yu hai, ila hawajaonana tangu mazishi ya mama yao. Nilipotaja kumtafuta aliinama na kuniambia, "Binti yangu, nitakwenda kwao na nini mkononi?"

Anakohoa, ndiyo. Hakumbuki tangu lini.

Jambo moja sikulisema mwanzoni. Dada wetu wa kazi, ambaye ana miaka 19, ndiye ambaye mara nyingi humpelekea sahani, kwa sababu saa hizo mimi nafunga hesabu za duka. Juzi ameniambia kwamba anaogopa. Nilipomuuliza kama mzee amemfanyia au kumwambia jambo, akasema hapana, anaogopa tu kufungua geti gizani. Sijui nilipime vipi hilo.

Mlezi wa Njiro

Mdogo wangu, naandika kutoka Arusha, na nimesoma maelezo yote nikisubiri mtu amtaje huyo binti wa kazi. Umefanya vizuri kumtaja, na naomba tusilipite jambo lake haraka.

Katika nyumba nyingi zetu huruma huamuliwa na mwenye nyumba, lakini anayefungua geti ni mwingine. Mama anasema tumpe chakula, na mama ana haki ya kusema hivyo, kisha binti wa miaka 19 aliyetoka kijijini na asiye na ndugu mjini ndiye anayetoka gizani na sahani. Akikataa, ataonekana ana roho mbaya au mvivu. Akikubali, hofu anaibeba peke yake. Huna haja ya kuipima hofu yake wala kumtafutia mzee kosa ili hofu hiyo ihesabike. Amesema anaogopa kufungua geti gizani, basi asifungue. Chakula kitolewe na wewe, kabla jua halijazama, duka likiwa bado wazi na watu wakipita. Kama saa hiyo haiwezekani, mpe mzee chakula cha mchana cha kushiba badala ya cha usiku. Sioni kinachopungua katika wema kwa kubadilishwa saa.

Ongea pia na binti zako, na hasa huyo anayelia. Mweleze wazi kwamba babu hajakataliwa, kwamba kuna mambo yanafanyika kwa ajili yake, na umtajie ni yapi. Mtoto anayeona mtu ananyeshewa na wazazi wamenyamaza hujifunza kunyamaza, au siku moja hufungua mlango mwenyewe wakati haupo. Katika hayo mawili, la pili ndilo ninaloliogopa zaidi katika nyumba yako. Awe na kazi yake halali ya huruma, kama kuchagua blanketi au kutenga viatu vya baba yake visivyotumika, na awe na mpaka unaoeleweka: hatoki getini peke yake kwenda kwa babu, haingii naye dukani, hapokei zawadi, na babu akimwambia "usimwambie mama" jambo lolote, anakuja kukuambia wewe mama yake palepale. Mpaka huu ni kwa kila mtu mzima, akiwamo fundi, mjomba na mwalimu wa masomo ya ziada. Ukiuweka kwa ajili ya mzee huyu tu utamfundisha mtoto kwamba hatari huvaa nguo chakavu, na hilo si kweli. Wengi wanaowaumiza watoto wana funguo za nyumba au wanaitwa kwa majina ya ukoo.

Mlinzi wa Usiku

Habari zenu. Ninalinda maduka upande wa Majengo na nimekuwa katika kazi hii miaka mingi, kwa hiyo watu wanaolala vibarazani nawajua kwa sura na wengi kwa majina.

Kwa ninavyowaona, wezi wanaosumbua mitaa yetu ya Moshi hawalali barazani kwa mtu. Wanaokuja kuvunja huwa wamekwisha kuijua nyumba, wanajua mume yuko safari, wanajua televisheni iko chumba gani, na mara nyingi wamepata habari hizo kutoka kwa mtu aliyeingia ndani kwa kazi halali. Mtu anayelala nje ndiye anayeibiwa kwanza. Huchukuliwa viatu akiwa usingizini, humwagiwa maji, hupigwa na vijana waliotoka kunywa. Wengine huomba walale karibu nami kwa ajili ya taa tu.

Pamoja na hayo namwambia mama asimweke ndani, kwa faida ya mzee mwenyewe. Siku kitu kikipotea katika nyumba ile, hata kama ni kuku, atakayeshikwa ni yeye. Wote tunajua habari za wananchi wenye hasira kali. Mtu asiye na ndugu akiitiwa mwizi usiku hana wa kumsemea, na fimbo hazisubiri maelezo. Ndiyo maana nakuomba, mama, na uwaombe majirani zako pia: mkishtuka usiku kwa sababu yoyote, msipige yowe la mwizi dhidi ya mtu mliyemwona tu amesimama gizani. Washeni taa, pigeni filimbi ya mtaa kama ipo, mpigieni kiongozi wa ulinzi shirikishi au polisi kwa namba 112. Yowe likishatoka halirudi, na aliyelipiga hana uwezo tena wa kuwazuia watakaokuja.

Kuhusu mvua, hapa mjini turubai jipya la kuteremsha upande mmoja wa kibaraza linatosha kabisa, likifungwa na kamba juu na chini. Chini aweke mbao za paleti, maana baridi ya saruji ndiyo inayoua mabega. Taa ya nje iwake usiku kucha. Taa hiyo inamlinda yeye na inawalinda ninyi. Ngazi, jembe, panga na mtungi wa gesi visikae nje. Na mkubaliane naye saa ya kufika na saa ya kuondoka, na kwamba halali mtu mwingine pale ila yeye. Masharti hayo atayashika, kwa sababu kibaraza chenye taa na mwenye nyumba anayekujua kwa jina ni mali kubwa kwa mtu wa aina yake.

Mkazi wa Bondeni

Nimesoma yote kwa makini na nashukuru kwa yaliyonirekebisha kuhusu polisi. Naomba hata hivyo tusiwafanye majirani wenye wasiwasi waonekane hawana utu. Mimi nimekaa mtaa ambao nyumba moja ilianza na mtu mmoja barazani, na baada ya muda wakawa kundi, vijana wenye gundi na bangi wakiwa kati yao, na watoto wetu wakawa hawawezi kupita kwenda dukani jioni. Aliyeanza kwa nia njema alihama na sisi tukabaki. Kwa hiyo ninapouliza nani atawajibika, nauliza kwa dhati. Wema wa nyumba moja unaogusa njia ya watu wote unapaswa kuwa umezungumzwa na watu hao.

Mstaafu wa Ustawi wa Jamii

Ndugu wa Bondeni, hoja hiyo ni ya haki na ndiyo iliyo kiini cha jambo zima. Mara nyingi nilizoona msaada wa aina hii ukiharibika, ulikuwa umefanywa na nyumba moja kimya kimya, jirani wakajua kwa kuchungulia. Jirani anayechungulia hubuni mengine mwenyewe. Mama wa Pasua, nenda kwa wale majirani wawili waliokujia kabla hujaenda kwa mwenyekiti. Waambie jina la mzee, umri wake, kwao ni wapi, na kwamba jambo lina mwisho: anatafutiwa ndugu, na ikishindikana anaombewa nafasi kwenye makazi. Waombe kitu kidogo chenye kazi, mmoja atoe chakula siku fulani, mwingine ampeleke kituo cha afya. Aliyempa mzee uji kwa mkono wake haogopi tena kwa namna ileile, na akiona dalili mbaya ataisema mapema na kwa ukweli.

Msimamo wako kuhusu idadi uwe wazi pia. Mmekubali mtu mmoja, kwa jina, kwa muda unaojulikana. Akija wa pili, hata awe mpole kiasi gani, aelekezwe mtaani kwa taratibu zilezile, na asianze kulala.

Kama una jumuiya ndogo ndogo, au kama kanisa lako lina idara ya dikonia, yaani huduma kwa wahitaji, wapelekee habari hizi. Katika parokia za Kikatoliki Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kipo kwa kazi ya namna hii hasa, na kimekuwa kikiifanya duniani tangu 1833. Misikiti nayo ina watu wa kusimamia zaka na sadaka. Nauli ya kwenda Tarakea na godoro la kwenda nalo ni vitu ambavyo jumuiya moja huvikusanya kwa kikao kimoja, na vinajibu lile swali la mzee la mkononi ana nini.

Msomaji wa Sombetini

Assalaam aleikum. Naongeza dogo kwa ajili ya wengine watakaosoma hapa wakiwa na mtoto barazani badala ya mzee, maana huku Arusha, kuanzia stendi hadi soko la Kilombero, ndiyo hali tunayokutana nayo zaidi.

Kwa mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote katika jamii anayeona haki za mtoto zikivunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa, kwa hiyo kumlisha na kunyamaza hakutoshi. Namba 116 ni ya bure kwa masuala ya watoto, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Moshi kuna Kituo cha Amani, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikipokea watoto wa mitaani na kuwarudisha kwa familia zao. Usimchukue mtoto ukamlaza kwako bila kiongozi wa mtaa kujua, hata kwa usiku mmoja wa mvua, kwa ajili ya usalama wake na kwa ajili ya jina lako.

Mama wa Pasua

Nimewasoma wote na nimempigia mume wangu, nikamsomea maneno ya mlinzi na ya mzee wetu wa ustawi. Amekubali turubai na taa, na amesema akirudi ataongea na mzee mwenyewe, jambo ambalo limenipa nguvu. Stoo tumeifunga kwenye mazungumzo yetu, na nimemwambia mzee mwenyewe kwa upole na kwa sababu zake, pamoja na ile ya kifua. Hakukasirika. Aliuliza tu kama bado anaruhusiwa kufagia.

Dada wa kazi hatatoka tena getini usiku kwa shughuli yoyote, ya mzee au ya nyingine. Chakula ni saa 11 jioni, natoa mimi. Jirani mmoja amekubali kwenda naye kituo cha afya Jumatatu kupima kifua. Wa pili bado ana kinyongo, nami sitamlazimisha, ila nimemwachia namba yangu na ya mwenyekiti.

Kilichobaki ni hili la ofisi ya mtaa, ninakokwenda kesho. Mzee wangu, hivi nikifika nianzie wapi, na ndugu wa Rombo wakisema hawamtaki nitafanyaje?

Mstaafu wa Ustawi wa Jamii

Anza kwa kuomba waangalie daftari la wakazi. Alipopanga Majengo inawezekana aliandikishwa kule, na kama jina lake lipo, lipo pia jina la aliyempangisha na pengine la mtu aliyemtaja kama ndugu. Hiyo itaokoa majuma ya kutafuta. Muulize pia mzee kama ana kitambulisho cha taifa au cha mpigakura, hata kilichochakaa, kwa kuwa msamaha wa matibabu na ombi la makazi vyote vitauliza utambulisho. Kama hana, omba barua ya mtendaji inayoeleza kwamba anatambulika kuishi eneo hilo. Barua hiyo ibaki kwake, kwenye mfuko wa nailoni ili isilowe, na nakala ibaki dukani kwako.

Ndugu wakisema hawamtaki, msiishie kwenye jibu la simu. Ukoo hukataa kwa simu jambo ambalo hauwezi kulikataa mtu akiwa amekaa mbele yao na mwenyekiti wa kijiji pembeni. Wakikataa hata hapo, liandikwe kwenye muhtasari na watie sahihi, kwa sababu ombi la nafasi kwenye makazi ya wazee huwa na uzito zaidi likiwa na ushahidi kwamba familia ilitafutwa, ikapatikana, na ikashindwa. Na kabla ya safari hiyo muulize mzee jina la dada yake la kuolewa, maana kijijini watamtafuta kwa jina la mumewe.